Simu hulala nchi kavu, wenyewe wako ziwani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi simu katika mwalo mmoja wa kisiwa cha Sigulu, Ziwa Victoria, wilaya ya Namayingo hapa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Nachaji simu kwa sola, nabadilisha vioo vilivyopasuka na kupakia nyimbo kwenye memori kadi. Nakuandikia kwa sababu siku hizi nasikia sana, redioni na kwa wageni wanaotutembelea, kwamba simu ndiyo itakayotufundisha kujikinga na dhoruba. Programu itatengenezwa, watu wataipakua, watajifunza. Wazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini kuna jambo ninaloliona kila jioni kibandani kwangu ambalo sijasikia mtu akilitaja, nalo limetugharimu watu wawili wa mwalo wetu.

Mvuvi wa mukene, yaani dagaa wa ziwani, haendi ziwani na simu yake nzuri. Huiacha kwangu.

Kuanzia saa kumi na moja jioni wanapita mmoja mmoja, taa mkononi, galoni ya petroli begani. "Fundi, nichajie, nitaichukua asubuhi." Simu ya kugusa imemla akiba ya miezi, na tone moja la maji likipenya kwenye tundu la chaji, kesho yake ananiletea maiti ya simu niifufue. Kwa hiyo haendi nayo. Akibeba simu, hubeba katochi, ile ya vitufe yenye tochi kichwani. Huifunga ndani ya kavera mbili, ile mifuko ya plastiki, na kukaza fundo, na akishaikaza hivyo haifungui mpaka kupambazuke au mpaka injini imzimikie. Boti ya watu wanne huenda ikawa na katochi moja tu.

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili nilikuwa nimelala kibandani kama kawaida, kulinda mali za watu. Sanduku langu la kuchajia nimeliunda kwa mbao za boti kuukuu, na usiku ule lilikuwa na simu kumi na moja za kugusa. Yapata saa tatu likaanza kuwaka. Simu moja, halafu ya pili, halafu nne kwa mpigo, kibanda chote kikawa cheupe. Wenye simu zile wote wako kwenye kundi moja la WhatsApp la mwalo. Nikadhani ni habari za mpira, maana Ulaya kulikuwa na mechi usiku ule. Nikageukia ukutani nikalala.

Saa kumi alfajiri upepo uling'oa mabati mawili ya jirani yangu na kuyatupa kwenye vichanja vya kuanikia. Kulipokucha nikatazama ile simu ya kwanza. Ilikuwa picha yenye rangi nyekundu, maneno ya Kiingereza, ikionya kuwa upande wa mashariki wa ziwa ungepata upepo mkali na radi baada ya saa sita usiku. Nikatazama ya pili, picha ileile. Zote kumi na moja zilikuwa na picha ileile.

Mpaka adhuhuri wenyewe tisa walikuwa wamekuja kuchukua simu zao. Mbili zilibaki. Moja ilikuwa na picha ya mtoto wa kike mwenye sare ya shule, na kila ilipopigiwa mtoto yule alikuwa akinitazama. Siku ya tatu mke wa kijana yule alikuja kuichukua. Akanyoosha shilingi mia tano za kuchaji. Nilikataa. Akaziweka juu ya sanduku, akaondoka.

Simlaumu aliyetuma onyo lile, alifanya kazi yake. Mnara ulifanya kazi. Simu nazo zilifanya kazi, lakini zilikuwa kwangu, na watu walikuwa maili nyingi ndani ya ziwa chini ya lile wingu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia mambo haya kadiri ninavyoweza. Mwaka 2024 mwezi wa Mei, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani ya Tanzania, wavuvi wetu wenye jamaa Mwanza na Dar es Salaam walipigiwa simu, na kisiwa kizima kikashikwa na hofu. Mama mmoja alikuja kuniuliza, "Baba, kimbunga kitatufikia lini?" Nikalazimika kujifunza ili nimjibu. Kimbunga kama kile huzaliwa baharini, penye maji yenye joto la nyuzi 26 au 27 hivi na kuendelea, na hujizungusha kwa sababu dunia yenyewe inazunguka. Karibu na ikweta msukumo huo wa kuzungusha upepo ni hafifu mno, na kisiwa chetu kiko karibu kabisa na ikweta. Nikamwambia mama yule kwamba kile cha baharini hakitatufikia. Lakini nikamwambia pia kwamba tuna cha kwetu, kile ambacho Waganda wanakiita kibuyaga, nacho hakitangazwi siku tatu kabla.

Hapo ndipo ninapotaka watengenezaji wa programu wanisikilize vizuri. Wenzetu wa Marekani wana uzoefu mkubwa. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulitoa programu yake ya vimbunga mwaka 2012, miezi michache kabla ya kimbunga Sandy kupiga New York na New Jersey mwezi wa Oktoba. Mafunzo yake yalikaa ndani ya simu yenyewe, kwa hiyo hata mtandao ukikatika mtu aliweza kuyasoma. Ilikuwa na tochi, king'ora, maswali ya kujipima, na kitufe cha kuwajulisha jamaa kwamba uko salama. Serikali yao nayo ina programu ya FEMA, idara yao ya majanga, na wameitoa kwa Kiingereza na Kihispania, maana wanajua watu wao wanaongea lugha gani. Haya ni mambo ya kuigwa.

Ila mafunzo yenyewe yanamtazamia mtu mwenye muda. Kimbunga cha baharini setilaiti hukiona kingali mbali, kikapewa jina, na watu wakapata siku mbili tatu za kupigilia mbao madirishani, kuweka akiba ya maji galoni moja kwa kila mtu kwa siku, na kuhama. Sisi kwetu ni saa chache. Mchana nchi kavu hupata joto haraka na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo wa pande zote za ziwa hukimbilia katikati. Unakutana huko, unapanda juu na mvuke wa maji, na wingu linajengeka. Ndiyo maana radi za ziwani hupiga kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile ambazo mukene hufuata taa na mvuvi yuko kazini.

Kuna jambo lililonipa matumaini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walioichunguza Victoria kwa picha za setilaiti, walionyesha kwamba dhoruba kubwa za usiku ziwani hufuata mvua kubwa za alasiri nchi kavu. Maana yake dalili hujitokeza wakati boti bado zimefungwa ufukweni! Wazee wetu nao wanalijua hilo kwa namna yao. Wakiona vilima vya upande wa Kenya vimefunikwa na wingu jeusi saa tisa, husema usiku huo ziwa halina urafiki. Kwa hiyo somo letu la kujiandaa lina uamuzi mmoja mkubwa, nao hufanyika saa kumi na moja jioni mchangani: tunakwenda au hatuendi. Onyo likifika saa tatu usiku, hata liwe sahihi namna gani, limefika kwenye sanduku langu.

Sasa niseme ninayoyaona kama fundi.

Simu nyingi za kugusa zinazoletwa kwangu ni za bei ndogo na zimejaa. Ukijaribu kupakua kitu kikubwa zinakuambia hakuna nafasi, na mwenyewe hawezi kufuta picha za marehemu mama yake ili aweke programu ya hali ya hewa. Programu iwe nyepesi. Iwe inaweza kupitishwa kutoka simu hadi simu bila intaneti, kama vijana wanavyogawiana nyimbo na filamu. Bando ni ghali, na hapa mpakani mara nyingi simu hujishika kwenye mtandao wa Kenya na salio linakwisha bila mtu kujua. Isitoshe, tangu Julai 2021 tunalipa kodi ya asilimia 12 juu ya data. Sheria hiyo imeacha nje data ya huduma za afya na elimu. Naomba wabunge wetu waliangalie hili: kumfundisha mvuvi asife ni elimu, na ni afya pia. Programu ya namna hii ifunguke bila kukata hata shilingi.

Kuhusu lugha sina subira tena. Katika mwalo wetu kuna Wasamia, Wajaluo, Wasoga, Waganda na vijana waliotoka Tanzania, na wote wakitaka kuelewana huongea Kiswahili. Katiba yetu ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kianze kutumika kama lugha rasmi. Kisha onyo la dhoruba linatujia kwa Kiingereza, lina neno linalomaanisha fundo, eti upepo wa mafundo 30. Vijana waliniuliza fundo gani, la kamba? Nilipopiga hesabu nikaona ni karibu kilomita 55 kwa saa. Nikawaambia ni kasi ya bodaboda iliyoachiwa kwenye lami. Hapo wakanyamaza, wakaelewa. Anayeandika mafunzo haya na awe mtu aliyewahi kukaa mchangani na wavuvi akasikia wanavyoongea, na yasemwe kwa sauti, kwa sababu wengi hawasomi kwa wepesi.

Mimi mwenyewe, kwa kuwa sina ujuzi wa kuunda programu, nilifanya nilichoweza. Nilimkalisha mzee mmoja ambaye boti imempindukia mara tatu maishani mwake, nikamrekodi kwa Kiswahili chake cha mwaloni, dakika tatu. Anaeleza kwamba ukiona mwanga wa radi anza kuhesabu, na ukiusikia mlio kabla hujafika thelathini basi wingu liko ndani ya kilomita kumi, kunja nyavu. Anaeleza kwamba upepo ukikata ghafla kisha ukaja ule wa baridi kutoka wingu lilipo, umechelewa, elekeza kichwa cha boti kwenye wimbi wala usimpe ubavu. Kila mtu awe na jerikeni tupu iliyofungwa kifuniko barabara na kufungiwa kamba, kama hakuna jaketi la kuokolea. Boti ikipinduka, ng'ang'ania boti. Hapo anarudia mara mbili, sauti inakwaruza: "Usiogelee kutafuta nchi kavu, mwanangu. Mbao haizami. Wewe unazama."

Sauti hiyo nimeiita 001 ili itangulie nyimbo zote. Yeyote anayekuja kupakiwa nyimbo kwenye memori kadi ya katochi yake anaipata bure, atake asitake. Mpaka sasa nimeipakia kwenye kadi zaidi ya mia mbili. Wapo walionung'unika kwamba kila wakiwasha nyimbo wanaanza kwa mzee. Lakini mwezi uliopita nilimwona baria mmoja, yaani kibarua wa botini, mdogo, huenda hajafika miaka ishirini, akifunga jerikeni yake kwenye ubao wa boti huku akisema peke yake, neno kwa neno, kwa kuiga ule mkwaruzo: "Mbao haizami. Wewe unazama." Katochi haina programu, haina WhatsApp, lakini ina tundu la memori kadi na ina redio. Wanaotaka kutufundisha wasiipite.

Kila mtu hapa pia anajua kubonyeza nyota na reli kutuma pesa, hata asiyejua kusoma amekariri namba zake. Kwa nini kusiwe na namba fupi ya bure ambayo mtu akiipiga saa kumi jioni anasikia kwa Kiswahili hali ya ziwa usiku huo upande wake? Idara ya hali ya hewa hutoa utabiri wa ziwa, na mradi wa HIGHWAY ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulifanya kazi hiyo kwa nchi za ziwa hili kwa miaka kadhaa hadi 2021. Ujuzi upo. Hatua iliyobaki ni ile ya mwisho, kutoka kwenye kompyuta ya mtabiri mpaka kwenye sikio la mtu aliyeshika kasia.

Kuna jingine ambalo wengi huliogopa kulisema. Baria hana uamuzi. Boti ni ya tajiri, petroli imeshanunuliwa, na usiku usiovuliwa ni hasara. Nilipoanza kutundika kitambaa chekundu juu ya kibanda kila ninapoona onyo kabla ya jioni, tajiri mmoja alinifuata akaniuliza nani atamlipa. Sikuwa na jibu la pesa. Lakini baadaye niliwaza: saa tatu ya usiku ule wa Aprili, ni simu ya nani iliyokuwa kavu, imewashwa, ina bando, iko mkononi mwa mtu aliye macho? Ni ya tajiri, nyumbani kwake mjini. Wengi wao hawakai kisiwani. Basi programu na imfundishe yeye kwanza. Onyo limfikie yeye alasiri, ajibu kwamba ameliona, na ijulikane mwaloni kwamba ameliona. Wakuu wa mwalo wakiwa na orodha ya matajiri walioonywa siku hiyo, hakuna baria atakayelazimishwa kuingia majini na mtu anayejua.

Tena tusiwasahau kina mama wa vichanja. Wao hawaendi ziwani, simu zao hazilali kwangu, na kila asubuhi wanataka kujua kitu kimoja: leo jua litawaka mpaka saa ngapi? Mukene iliyonyeshewa kabla ya kukauka huharibika, inanunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku, na mtaji wa wiki unakwenda. Programu ya majanga peke yake watu huisahau, kwa sababu janga haliji kila siku. Lakini programu inayomwambia mama anika sasa, anua saa nane, ataifungua kila siku ya Mungu. Siku ile ikimwonyesha rangi nyekundu ya usiku, yeye ndiye atakayeshuka mchangani kumshika mumewe mkono. Nimewaona kina mama hawa wakimzuia mwanamume kwa neno moja, jambo ambalo kitambaa changu hakiwezi.

Mafunzo yenyewe pia yana wakati wake. Mara mbili wageni wamekuja na karatasi na simu zao za kufundishia katikati ya giza, yaani zile wiki ambazo mwezi hauonekani na mukene hufuata taa. Walikuta wavuvi wamelala mchana kutwa kwa uchovu, wakafundisha watoto na wazee watatu, wakapiga picha, wakaondoka. Wakati wa mbalamwezi taa hazivuti samaki. Boti zote huwa juu ya mchanga, vijana wamekaa chini ya miti wanashona nyavu, kuna karata na kuna redio, na kila mmoja ana muda wa kusikiliza na kubishana.

Kwa hiyo yeyote anayetengeneza programu ya namna hii, awe wa Kampala au wa ng'ambo, namkaribisha Sigulu wiki ya mbalamwezi. Aje na simu yake na aje na memori kadi. Mzee wa sauti ya 001 bado yupo na anasema ana mengi ambayo hakuyamaliza kwenye zile dakika tatu. Sanduku langu lina matundu ishirini, na siku hizo karibu yote huwa wazi.

Fundi simu,
Sigulu, Namayingo